Mwanangu anaandika kuhusu Meya Pingree wa Detroit, naombeni ushauri

Mama Khadija: Habari zenu wadau. Tuko Detroit mwaka wa nne sasa. Binti yangu wa darasa la nane kaambiwa achague mwanasiasa wa mji au wa jimbo wa karne ya 19, aandike kurasa tatu. Kamchagua Hazen Pingree, kisa basi letu linapita Grand Circus Park ilipo sanamu yake, mzee mnene kakaa kitini.

Tatizo kaandika kama tanzia: kazaliwa 1840 Maine, fundi viatu, kapigana vita ya wenyewe kwa wenyewe, meya 1890 hadi 1897, gavana wa Michigan 1897 hadi 1901, kafia London mwaka huohuo. Nimesoma nikasinzia. Ashike lipi, aache lipi?

Jembe Halimtupi: Viazi, dada! Mwaka 1893 uchumi ulianguka, viwanda vikafungwa, watu wakakaa bila kazi. Pingree akatazama viwanja vitupu vya wenye navyo, vinaota magugu vikisubiri bei ipande, akawaomba waviachie vilimwe. 1894 maskini wakapanda viazi na maharage kwenye ekari kama 430, ndani ya mji. Hela za kuanzia hazikutosha, akampeleka farasi wake mnadani. Walimcheka sana, mpaka jina la viazi likamganda. Yalipokuja mavuno miji mingine ikaiga. Aanze na huyo farasi.

Kofia Mbili: Viazi darasa zima litaandika. Mimi ningeshika hii: mwishoni mwa 1896 kachaguliwa gavana, umeya kagoma kuuachia! Akawa navyo vyote viwili mpaka Mahakama ya Juu ya Michigan ilipomwambia mwaka 1897 achague kimoja. Ndipo akaacha umeya.

Mama Khadija: Si ataonekana mroho wa madaraka?

Kofia Mbili: Aonekane tu, dada yangu. Alikuwa kwenye vita na kampuni za tramu, anataka nauli ishuke toka senti 5 hadi 3, akaona akitoka watamzimia moto. Uroho au wasiwasi? Hapo ndipo mtoto atoe maoni yake. Mwalimu anatafuta hilo, si tarehe.

Mwalimu Mstaafu: Nawasalimu. Mnaruka mwanzo. Pingree alikuwa na kiwanda kikubwa cha viatu, na waliomsimamisha ni matajiri wenzake wa Republican, wakijua huyu ni wetu. Kilichofuata ni kuwabana wao kwa wao: tramu, gesi, umeme. Mwaka 1895 mji ukaanza kuwasha taa za barabarani kwa mtambo wake wenyewe. Marafiki wakamnunia. Ukieleza hilo kwanza, viazi na kofia mbili vinaeleweka vyenyewe.

Na vitani asiishie kusema "alipigana". 1864 alitekwa na jeshi la Kusini, akapitia kambi ya Andersonville, mahali pa njaa na kuhara. Baadaye, kwenye kambi nyingine huko Georgia, majina ya wafungwa wanaotoka yakiitwa, yeye akaitikia jina la mwingine. Akatoka hivyo hivyo. Kama kuna mlango wa kuingilia insha, ni huo.

Jembe Halimtupi: Mwalimu umenishinda. Ila farasi abaki, jamani.

Mama Khadija: Asanteni sana. Kaandika upya usiku huu. Kaanzia kwenye yale majina, kaja kwa matajiri waliomnunia, farasi kapata aya yake. Gavana kampa mistari sita, nimemwacha. Alipotusomea, baba yake, Mzanzibari, kasikiliza mpaka mwisho kisha kauliza swali moja: ni viazi vitamu au mbatata?

Jembe Halimtupi: Mbatata, shemeji!