Picha za Ziwa Bunyonyi zinatoka bila mvuto, nakosea wapi?

Mgeni_Kabale: Wakubwa, naomba ushauri. Nimehamia Kabale, Uganda, kikazi, na wikiendi napanda vilima vya Bunyonyi na kamera ya kuazima yenye lenzi ya kuvuta ya milimita 18-55 (18 inaona pana, 55 inasogeza karibu). Ukisimama juu pale unaona visiwa, matuta ya mashamba hadi kileleni, ukungu unapaa. Nikifika nyumbani nikifungua picha: maji mengi na vilima vya kitoto. Sheria ya theluthi (ile ya kugawa picha mafungu matatu kwa wima na kwa ulalo, kitu kikuu kikae mistari inapokutana) naifuata, mistari nimeiwasha kwenye skrini na kisiwa nakiweka kwenye makutano. Nimeweka moja hapo chini mwikague bila huruma. Ni kamera au ni mimi?

FundiArua: Kamera iache. Hiyo umepiga kwa 18, sivyo? Lenzi ikiwa pana hivyo, vya karibu vinakuwa vikubwa na vya mbali vinanywea. Ulipokuwa pale macho yako yalichagua milima na kusahau mengine. Lenzi haichagui, inabeba kila kitu. Vuta hadi 55, kata maji, ubaki na safu za vilima zikipandana, kila safu ikififia kuliko ya mbele yake. Ule ukungu ndio unaokupa umbali.

Bibi_wa_Bombo: Mwanangu, mimi nimeitazama picha yenyewe. Mtumbwi ni mweusi, na umeupiga ukiwa ndani ya kivuli cha kisiwa. Mweusi juu ya mweusi, nani atauona? Ungesubiri kidogo tu utoke kwenye kivuli, uingie kwenye maji yanayong'aa, uone mpaka mkono wa mpiga kasia. Tena umwachie nafasi mbele yake. Sasa hivi pua ya mtumbwi inagonga ukingo wa picha. Na lile tawi la mkaratusi juu kushoto linafanya nini? Jicho linalikimbilia kisha linatoka nje. Kabla ya kubonyeza, pitia pembe zote nne.

Mbingu nayo ni nyeupe tupu, na imekula nusu ya picha. Ikiwa haina la kusema, iachie ukanda mwembamba au uiondoe kabisa.

DukaLaLenzi_Kla: Nina lenzi nzuri ya mkono wa pili, njoo inbox.

FundiArua: Ssebo (bwana), mwache kwanza ajifunze.

Kapchorwa_Boy: Theluthi inakuambia pa kuweka kitu, haikuambii kitu chenyewe ni kipi. Jiulize kabla: picha hii ni ya nini? Ukijibu "ziwa, visiwa, matuta na mtumbwi", hizo ni picha nne. Huku Sipi wageni wanapiga maporomoko peke yake, na maji yenye urefu wa mita mia hivi yanaonekana mafupi. Mtu mmoja akisimama chini, ndipo unashtuka. Na sheria yenyewe ivunje maji yakitulia: mstari wa ufukwe katikati kabisa, mlima juu na taswira yake majini. Nusu kwa nusu hapo inapendeza.

Mgeni_Kabale: Asanteni sana. Nilisoma pia kwamba lazima kuwe na kitu mbele, jiwe au maua. Nitafute jiwe?

Bibi_wa_Bombo: Jiwe la kulazimisha litakaa tu hapo mbele kukuzibia njia. Tafuta kinachopeleka jicho ndani: kijia kinachoteremka ziwani, au kingo za matuta zinazopinda kuelekea majini. Kisha chuchumaa. Hatua mbili kulia au kushoto zinabadilisha mengi kuliko hiyo lenzi ya inbox.

Kapchorwa_Boy: Saa nayo uiangalie. Hapa tuko jirani na ikweta: adhuhuri jua liko karibu utosini, matuta yanakosa vivuli na mlima unalala bapa. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi mwanga unapita ubavuni, kila tuta linachora mstari wake. Jioni pia, ila usichelewe, huku giza halibishi hodi.

FundiArua: Jaribu na hili: igeuze picha kichwa chini. Wapiga picha wa zamani wa kamera kubwa za sahani (bamba la kioo badala ya filamu) waliona taswira imepinduka kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Ikipinduka hivyo unasahau kwamba ni Bunyonyi, unabaki na mafungu ya weusi na weupe. Upande uliolemewa utauona mwenyewe.

Mgeni_Kabale: Jumamosi narudi. Wale wa mitumbwi hawakasiriki kupigwa picha?

Bibi_wa_Bombo: Wasalimie kwanza, uombe. Na kama unakwenda kwa boda alfajiri, kamera iwe ndani ya begi. Ile barabara ikinyeshewa inateleza vibaya.