Hivi ni kweli Indonesia ilimlipa Mholanzi ndo ikaachiwa?

mtu_wa_kijiwe
Wakuu habari za leo. Kuna jamaa anakomaa eti Indonesia kupata uhuru ilibebeshwa na deni la Mholanzi. Nikamwambia acha kamba, mtu akutawale miaka yote hiyo alafu tena akudai? Wajuzi wa historia hii ni kweli au chai?

Nahodha Mstaafu
Sio chai mkuu. Sukarno na Hatta, viongozi wa wapigania uhuru wa Indonesia, walitangaza uhuru 17 Agosti 1945, siku mbili tu baada ya Mjapani, aliyekuwa ameikalia nchi wakati wa vita, kusalimu amri. Mholanzi akagoma, akarudi na jeshi, akapiga 1947 akapiga tena 1948, na vita yenyewe akaiita operesheni ya polisi ili ionekane ni mambo yake ya ndani. Marekani ikatishia kumkatia misaada ndo akakubali kukaa mezani The Hague, kule kwao Uholanzi, 1949. Hapo sasa Indonesia ikasainishwa kurithi deni la serikali ya kikoloni, gilda (pesa ya Mholanzi) bilioni 4.3. Na hiyo ni baada ya kubishana sana, mwanzo alitaka zaidi ya bilioni 6, kaingiza humo mpaka gharama za vita! Yaani risasi nilizokupiga nazo nilipie.

kaka_hesabu
Tusiwe na jazba, mikopo mingine ilijenga reli na bandari na vyote vilibaki kwao. Ukirithi nyumba unarithi na mkopo wake.

BintiMwalimu
@kaka_hesabu reli ya kubebea sukari ya nani? Kuanzia 1830 kule Java, kisiwa cha Indonesia, kijiji kilitakiwa kitenge moja ya tano ya shamba kulima kahawa, miwa na nili (mmea wa rangi ya bluu) ya serikali, kwenye utekelezaji mara nyingi ikazidi hapo, mwishoni mwa miaka ya 1840 wilaya za Demak na Grobogan hukohuko Java watu wakafa njaa wakati faida inaenda Uholanzi kulipa madeni ya kwao na kujenga reli za kwao. Sasa piga hesabu nani anamdai nani.

mtu_wa_kijiwe
Duh. Kwahiyo walimaliza kulipa?

Nahodha Mstaafu
Walilipa sehemu kubwa, 1956 Sukarno akavunja mkataba akagoma kuendelea, mwaka uliofuata makampuni ya Kiholanzi yakaanza kutaifishwa. Upande wa pili, fidia ya Mholanzi kwa Waindonesia ilichelewa mno, wajane wa kijiji cha Rawagede kule Java ambao waume zao walipigwa risasi na askari wa Kiholanzi Desemba 1947 walishinda kesi The Hague 2011, kila mmoja akapewa euro 20,000, na wengi walishakufa.