Oto ikitolewa na kutiwa gia za mkono: swichi ya klachi ni lazima?

Kijana wa Jomvu: Wakuu, salaam. Corolla 110 yangu ilikuwa oto, giaboksi ikafa, nikatia ya gia tano za mkono. Fundi alipomaliza, ufunguo ukawa hauitikii. Akazichukua nyaya mbili zilizokuwa zikienda kwenye swichi ya giaboksi ya oto, akazisokota pamoja, akafunga tepu, gari ikawaka. Jana niko foleni ya feri Likoni, pale mteremkoni. Nimezima injini nikaiacha kwenye gia ya kwanza kwa kuwa hendibreki yangu haishiki. Foleni iliposogea nikageuza ufunguo bila kukanyaga klachi. Gari ikaruka. Bampa ilisimama kiganja kimoja na mama aliyebeba beseni la mahamri. Usiku sikulala. Nauliza: ni haki fundi kumkabidhi mtu gari namna hiyo?

Spana 14: Si haki hata kidogo. Kwenye oto, swichi ile hupitisha umeme wa stata, ile mota ya kuwashia injini, ukiwa P (kuegesha) au N (bila gia) tu. Ukitoa giaboksi, kinga nayo imeondoka. Nyaya zile hazisokotwi. Zinapelekwa kwenye swichi juu ya pedeli ya klachi, ishike na kupitisha umeme pedeli inapokaribia sakafu tu. Ikishika katikati ni kazi bure, klachi huwa haijaachia. Na moto wa stata usiupitishe wote kwenye kiswichi kidogo, kitaungua ndani. Tia rilei, swichi ya umeme inayobeba moto mkubwa kwa niaba ya kile kidogo. Anayesokota na kufunga tepu si fundi, ni manamba aliyeokota spana.

Fundi Makupa: Spana, niko kwenye kazi hii miaka 22. Nimesokota nyaya hizo mara nyingi na hakuna aliyeumia. Manamba ni nani? Rudia.

Bi Mkubwa Kisauni: Mwanangu wa Jomvu, pole sana. Lakini sisi tulifunzwa: mguu kwenye klachi, mkono utikise gia, ndipo ufunguo. Ulisahau wewe. Usimtwike fundi.

Baharia: Mimi napinga swichi, na sababu ninayo. Gari ikizimika juu ya reli na injini ikakataa kabisa, unatia gia ya kwanza, unaachia klachi, unageuza ufunguo, stata yenyewe inakukokota hadi ng'ambo. Ukiwa na swichi hiyo huwezi. Nani ana jibu?

Fundi Makupa: Baharia, ngoja kwanza. Nataka neno la manamba liondolewe.

Spana 14: Siliondoi. Mtoto wa dada yangu, miaka 6, aliachiwa ufunguo asikilize redio. Gari ya gia za mkono, nyaya zimesokotwa hivyo hivyo, imeegeshwa kwenye gia. Akageuza ufunguo hadi mwisho. Ikaingia ukuta wa jikoni, na mamake alikuwa ametoka humo kufuata maji. Miguu ya mtoto wa miaka 6 haifiki hata kwenye pedeli! Kwa hiyo Bi Mkubwa, kwa heshima zote, usiniambie habari za kusahau.

Bi Mkubwa Kisauni: Subhanallah. Hilo sikulifikiria. Mtoto ni mzima?

Spana 14: Mzima, mamangu.

Mzee Changamwe: Japani walishalimaliza hili. Tangu 1999 gari mpya za gia za mkono huko sharti ziwe na kinga ya klachi. Gari hizohizo ndizo tunazoshusha Kilindini. Iweje yetu sisi itoke gereji bila kinga yoyote?

Fundi Makupa: Mzee wangu, Japani mteja halipi nusu na kuahidi nyingine mwisho wa mwezi. Huku analeta pesa ya giaboksi, klachi na pedeli, basi. Ukimtajia swichi, rilei na saa mbili za waya, anahamia gereji ya jirani.

Kijana wa Jomvu: Ami, mimi sikutajiwa. Ningetajiwa ningelipa, hata kwa kukopa.

Fundi Makupa: Hapo umesema kweli. Kutajiwa ni haki yako, na mimi mwenyewe kuna wateja sikuwatajia. Ebu nambie, pedeli uliyotiwa ina kishikio chenye tundu juu, karibu na mkono wa pedeli?

Kijana wa Jomvu: Lipo, tupu.

Fundi Makupa: Hapo ndipo swichi inapokaa. Na taa za rivasi zinawaka?

Baharia: Swali langu la reli halijajibiwa.

Kijana wa Jomvu: Za rivasi sijawahi kuzitazama. Kwani zinahusiana?

Fundi Makupa: Kwenye oto nyaya zake hupita kwenye swichi ileile. Zilitakiwa zihamishiwe kwenye swichi ya rivasi ya giaboksi mpya. Geuza gari, elekeza nyuma ukutani, tia rivasi.

Kijana wa Jomvu: Nimetoka kujaribu sasa hivi. Ukuta giza tupu.