Mwanachama asiyeamini Mungu na zamu ya kuomba katika vikao vya chama

Swali, kutoka kwa Katibu wa Chama, Thika

Mimi ni katibu wa chama cha kuweka akiba na kukopeshana chenye Wakristo wengi na Waislamu wachache. Vikao vyetu hufunguliwa na kufungwa kwa maombi, na wanachama huongoza kwa zamu kufuatana na orodha ninayoiandaa mwanzoni mwa mwaka. Hivi karibuni dada mmoja, ambaye hajawahi kuchelewesha mchango wala marejesho ya mkopo, alinieleza faraghani kwamba haamini kuwa Mungu yupo, na akaomba jina lake liondolewe katika orodha hiyo, kwa sababu kuomba mbele yetu bila kuamini kungekuwa kutudanganya. Nilipolifikisha jambo hilo kwenye kamati, baadhi walisema aombe kama wengine au ajitoe. Je, kumheshimu yeye ni kuwavunjia heshima wanaoamini?

Jibu la kwanza

Ndugu Katibu, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeligusa jambo hili waziwazi. Ibara ya 32 inalinda uhuru wa dhamiri, dini, fikira, imani na maoni, na inakataza mtu kulazimishwa kufanya tendo lililo kinyume na imani yake. Ibara ya 20 nayo inaeleza kwamba Sheria ya Haki, yaani sura ya Katiba inayolinda haki za kila mtu, humfunga kila mtu pamoja na vyombo vya Serikali, kwa hiyo msijifiche nyuma ya hoja kwamba chama chenu ni cha watu binafsi. Halafu, alikueleza faraghani. Ungeweza kuliondoa jina lake bila kuitangazia kamati sababu.

Jibu la pili

Naheshimu sheria, lakini Katiba hiyohiyo inaanza kwa kutambua ukuu wa Mwenyezi Mungu, na wimbo wa taifa unaanza kwa kumwita Yeye. Katika sensa ya mwaka 2019, waliosema hawana dini walikuwa zaidi kidogo ya 750,000 katika taifa la watu wapatao milioni 47. Wahenga walisema wengi wape. Sisemi afukuzwe, ila sioni kwa nini utaratibu uliokubaliwa na wote ubadilishwe kwa ajili ya mtu mmoja.

Jibu la tatu

Mzee wangu uliyetangulia, hakuna aliyeomba maombi yaondolewe. Ameomba tu asiongoze yeye. Mimi ni Mwislamu, na nimekaa katika vyama vya namna hii kwa miaka mingi. Mkristo anapofunga ombi kwa jina la Yesu, mimi hukaa kimya kwa adabu wala siitiki amina, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nimemdharau. Nikiomba dua, wenzangu Wakristo hutulia vivyo hivyo. Katibu, waulize wanakamati wako: Waislamu wenu hufanyaje? Bila shaka uvumilivu huo mmeuzoea, ila mmekuwa mkiutoa kwa watu wenye dini pekee. Qurani inasema hapana kulazimishana katika dini, na Suratul Kafirun inamalizika kwa kumwachia kila mtu dini yake. Zaidi ya hayo, dua inayotolewa na asiyeiamini, kwa kuogopa kunyimwa mkopo, inamfaa nani?

Jibu la nne

Mimi siamini, na ningependa kusema pia yanayotupasa sisi. Wakati wa maombi husimama pamoja na wenzangu na kuzima simu. Msibani nakwenda, nabeba viti na natoa rambirambi, hata ibada ikiwa ndefu. Wapo wenzetu wanaodhani kwamba kumdhihaki mama anayefunga na kuomba ni ushujaa wa akili. Huo ni utovu wa adabu tu. Kwa upande mwingine, ningewaomba waamini waache kutuambia kwamba tutamkumbuka Mungu siku tukiugua, kwa maana maneno hayo huumiza kuliko wanavyodhani. Tumezoea kuonekana hatari: chama cha wakanamungu kiliposajiliwa nchini mapema mwaka 2016, usajili wake ulisimamishwa mwezi Aprili kwa hoja ya kulinda amani, na shauri likafika mahakamani.

Jibu la tano

Kwa Wakatoliki waliomo katika kamati hiyo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa lenu, ulilizungumzia jambo hili mwaka 1965. Ulikataa ukanamungu bila kuficha, lakini ulikiri kwamba waamini wenyewe huweza kuchangia kuuzaa kwa mwenendo wao mbaya, na ulitaka waamini na wasioamini washirikiane kuujenga ulimwengu wanamoishi pamoja. Basi hata kuweka akiba pamoja kumo humo.

Katibu wa Chama

Nawashukuru. Nimemwomba dada huyo radhi kwa kuipeleka siri yake kwenye kamati. Katika kikao kijacho nitapendekeza orodha iwe ya hiari, kila mtu ajiandikishe mwenyewe bila kuulizwa sababu. Mjumbe mmoja bado anashikilia kwamba dada huyo ajieleze mbele ya wote, na ajenda hiyo sitaiandika.