Hadhi Maalum: mdogo wangu karudishwa ofisi ya ardhi

Ndugu wana Nyanda za Juu Kusini mlioko nje, wakubwa shikamooni.

Mnajua Sheria ya Uraia ya 1995 inavyotufanya: nilipochukua pasi ya Uingereza, uraia wa nyumbani ukaisha hapo hapo. Kiwanja cha Uyole, Mbeya, kaniachia marehemu baba, hati ina jina lake. Wiki hii mdogo wangu kaenda ofisi ya ardhi na hati ya uwakilishi, cheti cha kifo cha RITA na Fomu Na. IV ya Mahakama ya Mwanzo, ile ya kumteua msimamizi wa mirathi. Karani kazifunua moja moja, kazirudisha kwenye bahasha. "Dada yako si raia. Hiyo sheria ya diaspora tumeisikia, alete karatasi ya hadhi." Hiyo hadhi maalum, ya sisi wenye asili ya Tanzania tuliochukua uraia wa nje, naiomba ubalozini au Uhamiaji? Na mirathi isimame mpaka nipate?
Mama Uyole, Leicester

Pole sana mwanangu. Asikutishe, sheria ipo. Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kuiweka hadhi hiyo. Mdogo wako achape kifungu aende nacho. Ndiyo maana mimi natetea sheria ya Bunge: muswada unachapishwa, kamati inaita wadau, mbunge akisema neno linabaki kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Waraka wa wizara unaweza kufutwa Ijumaa jioni usijue. Kifungu hakifutwi mpaka kirudi bungeni.
Mzee wa Tukuyu, Houston

Shikamoo mzee, ila dada hajazuiwa na kifungu. Bunge likishaandika "Waziri ataweka utaratibu", fomu, ada na nani wa kusaini vinaamuliwa wizarani, vinatoka kwenye Gazeti la Serikali, na hakuna mbunge aliyevijadili. Shemeji yangu alikaa Mwanjelwa likizo nzima akizungushwa kwa jambo kama hili, akarudi huku bila hata risiti. Halafu hao wadau ni nani? Sisi huku hatuna mbunge. Hata mwenzetu mwenye pasi ya Tanzania na kitambulisho cha taifa cha NIDA hapigi kura akiwa nje. Tumelilia uraia pacha miaka yote, Wakenya wameupata kwenye Katiba yao ya 2010, sisi tumepewa hadhi.
Kijana wa Mbalizi, Oslo

Kijana, Kenya hiyo hiyo Bunge lilipitisha Muswada wa Fedha wa 2024, watu wakamwagika barabarani tarehe 25 Juni, Rais akakataa kusaini. Wawakilishi walikuwepo, na hawakuwasikia waliowachagua.
Mzee wa Tukuyu

Kwao Rais alirudi nyuma. Kwetu soma Ibara ya 97 ya Katiba. Rais akikataa muswada, Bunge likaupitisha tena kwa theluthi mbili, asaini ndani ya siku 21 au alivunje Bunge. Nani atapiga kura ya kujitoa mwenyewe kwenye kiti? Na Bunge la 2020 hadi 2025 karibu lote lilikuwa la chama kimoja. Mabishano ya kweli yalikwisha kwenye vikao vya chama kabla ya kufika Dodoma.
Kijana wa Mbalizi

Kamwene. Mnagombana na mimi nimekumbuka mvua za Iringa, saa hizi ulanzi, pombe ya mianzi, unagemwa na barabara ya kijijini kwetu haipitiki. Naunga mkono wote wawili. Sheria ya haraka naiogopa zaidi. Miswada ya hati ya dharura inasomwa na kupita mwananchi wa Mafinga hajapata hata nakala. Afadhali ichelewe.
Dada Mhehe, Minneapolis

Ichelewe mpaka lini? Baba yangu ana miaka 81, anataka kunigawia shamba la miti akiwa hai.
Mkinga, Toronto

Shamba la kijiji au lina hati? Kama ni la kijiji, hiyo Sura ya 113 siyo yako, wewe ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Msichanganye watu.
Kijana wa Mbalizi

La kijiji. Kwa hiyo sisi wa vijijini hawakutugusa kabisa?
Mkinga