Niliripoti hatari mara tatu, sasa ripoti zangu ndizo ushahidi dhidi yangu (reli, Marekani)

Wakuu, salamu tutapeana baadaye. Nina hasira na nitaandika nikiwa nayo hivyo hivyo. Anayetaka lugha laini apite kando.

Mimi ni kondakta wa treni ya mizigo huku Marekani. Kabla hamjaanza utani: sidai nauli na sining'inii mlangoni. Treni yetu ina watu wawili tu, dereva na kondakta. Dereva anabaki kwenye kichwa cha treni, mimi ndiye ninayeshuka. Naunga na kuachanisha mabehewa, napindua swichi za kubadilisha njia ya reli, nafunga breki za mkono, na treni ikisimama ghafla porini natembea kurudi nyuma behewa kwa behewa, na tochi mkononi, hadi nikipate kilichoharibika. Kampuni siitaji jina. Kesi bado iko mezani na sina haja ya kuwapa shtaka la pili.

Kisa chenyewe ni kokoto. Kwenye yadi yetu kuna njia ya mwisho kabisa, upande wa mtaro. Walipoikarabati walimwaga kokoto kubwa, zile za njia kuu, hadi pale tunapokanyaga sisi. Kokoto za ukubwa wa ngumi zina kazi yake: chini ya mataluma zinashikana na kubeba uzito wa treni. Chini ya kiatu zinaviringika. Ndiyo maana pembeni, sehemu ya kutembea, huwekwa kokoto ndogo, na hilo analijua hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Pale kwetu ukitembea unajikuta umeegemea ubavu wa behewa kama mlevi, na kuegemea behewa linaloweza kusogea wakati wowote ndicho kitu cha kwanza wanachokukataza.

Nikaripoti. Nikajaza fomu ya hatari kwenye tableti tuliyopewa, ile wanayotuimbia kila asubuhi kwamba usalama unaanza na wewe. Baada ya wiki mbili likaja jibu la neno moja: imefungwa. Hawakuandika imerekebishwa, wameandika imefungwa. Nikajaza tena, safari hii na picha, kiatu changu kikiwa kando ya jiwe ili ukubwa uonekane. Imefungwa. Mara ya tatu nilimwambia meneja wa zamu uso kwa uso, kisha nikajaza fomu. Akanijibu kwamba kokoto ni bajeti ya idara nyingine.

Mwezi uliofuata goti likaenda. Saa tisa usiku, nimetoka kufunga breki ya mkono ya behewa la nne, nateremka ngazi, nakanyaga, jiwe linaviringika, mguu unaenda huku na mwili kule. Nilikaa juu ya zile kokoto nikamwita dereva kwa redio koli. Akaja mbio, mzee wa watu mwenye miaka karibu sitini, akakaa na mimi.

Sasa sikilizeni. Meneja alifika kabla ya gari la wagonjwa. Hakuniuliza naumia wapi. Aliuliza nilikuwa naangalia wapi. Halafu akatoa simu akapiga picha soli za viatu vyangu. Soli! Kushoto, kulia, na za karibu. Kokoto hakuzipiga hata moja.

Siku ya sita nikaletewa barua. Naitwa kwenye uchunguzi kwa tuhuma za kuvunja kanuni ya kuwa macho na makini, kwamba sikuchagua sehemu salama ya kukanyaga. Nikaenda kwenye orodha ya vielelezo. Namba 4, 5 na 6 ni ripoti zangu tatu. Na picha yangu ya kiatu imo! Hoja yao ni hii: mfanyakazi alijua hatari ipo, alikiri kwa maandishi mara tatu, hivyo alitakiwa kuwa mwangalifu kuliko mtu mwingine yeyote.

Nilisoma mara nne nikidhani Kiingereza kimenipiga chenga.

Mkitaka kujua kwa nini wanahangaika hivyo na goti la mtu mmoja, jibu liko kwenye sheria ya mwaka 1908 inayoitwa FELA. Wafanyakazi wengi wa Marekani wakiumia kazini wanalipwa fidia bila kuulizwa nani mwenye makosa. Mtu wa reli hayumo humo. Yeye lazima athibitishe kwamba kampuni ilizembea, na akionekana naye amezembea kidogo, malipo yanapunguzwa kwa kiasi cha uzembe wake. Kwa hiyo kila asilimia ya kosa wanayonibandika mimi ni dola zinazobaki kwao. Ukilijua hilo, zile picha za soli unazielewa mara moja.

Na huo uchunguzi usiwadanganye kwa jina. Anayesikiliza ni meneja wa kampuni, anayeshtaki ni meneja wa kampuni, mashahidi ni mameneja wa kampuni. Ukitiwa hatiani unakata rufaa ndani, ukishindwa unaenda kwa msuluhishi, na hapo mtu aliyefukuzwa anaweza kukaa mwaka au zaidi bila mshahara akisubiri karatasi. Kugoma kwa ajili ya kesi kama hii hairuhusiwi. Sheria ya Kazi za Reli ya 1926 imeziweka kesi za nidhamu kwenye kapu la migogoro midogo. Midogo! Nyumba ya mtu inapigwa mnada, bado ni mgogoro mdogo.

Hapa niseme neno jema moja, maana hasira isinifanye msahaulifu. Tawi letu la chama cha wafanyakazi lina watu wawili wanaobeba kila kitu. Mwenyekiti wa tawi ndiye anayesimama nasi kwenye hizi kesi. Mwingine ni mwakilishi wa masuala ya sheria, kazi yake ni usalama na kufuatilia wabunge. Wote wawili wanaendesha treni kama sisi, haya mengine wanayafanya wakati wenzao wamelala. Huyu wa sheria alinipigia simu siku ile ile ya barua, swali lake la kwanza likiwa tarehe iliyoandikwa juu. Kuna kifungu cha sheria ya shirikisho, 20109, kinachokataza kampuni ya reli kumwadhibu mtu kwa sababu ameripoti hatari au ameripoti kuumia. Lakini malalamiko yanapelekwa OSHA, wakala wa shirikisho wa usalama kazini, ndani ya siku 180, na siku zinaanza kuhesabiwa pale unapoarifiwa adhabu. Wengi wanasubiri kwanza rufaa ya ndani iishe. Inaisha siku ya 200. Haki ilikuwepo, imeoza kabatini. Nyie mlioko reli huku, hilo likaririni kama namba ya simu ya mama.

Sasa niwageukie wenzangu wa tawi, na najua baadhi yenu mnasoma humu. Mkutano wa mwezi uliopita ulikuwa na viti arobaini na watu saba. Saba! Kwenye kundi la WhatsApp ninyi ni simba, mtu anaandika aya nzima kuhusu choo cha kwenye kichwa cha treni. Ajenda ya choo ilikuwepo mkutanoni, hamkuwepo. Kampuni inatuma mtu wa kuhesabu magari pale nje ya ukumbi, mnadhani inahesabu kwa ajili ya takwimu?

Ingawa, haya, niwe mkweli. Mikutano miwili kabla ya huo hata mimi sikwenda. Ratiba yetu ni simu: inalia muda wowote, una kama saa moja na nusu uwe kazini umevaa. Sheria inasema kazi isizidi muda wa saa 12, kisha mapumziko ya saa 10 bila kusumbuliwa. Nzuri kwenye karatasi. Saa 12 zikiisha treni inasimama pale pale ilipo, hata katikati ya mashamba, na mnakaa ndani kungoja gari la kuwachukua. Kungoja huko hakuhesabiwi kuwa kazi, wala hakuhesabiwi kuwa mapumziko. Nimewahi kungoja saa nne. Mtu akitoka hapo ukamwambia kuna mkutano wa tawi saa kumi jioni, atakutukana na atakuwa na haki.

Nirudi kwenye kokoto. Mwakilishi wetu alimwita mkaguzi wa FRA, wakala wa shirikisho unaosimamia reli. Mkaguzi akaja, akatazama, akasikitika. Kumbe FRA haina kanuni ya sehemu za kutembea kando ya reli. Wanapima reli, mataluma, magurudumu, lakini pale mguu wa binadamu unapokanyaga wamewaachia majimbo. California wana amri yao, namba 118, inayotaka njia za kutembea ziwe salama. Jimbo letu halina kitu. Kwa hiyo mwakilishi anapanda basi kwenda makao makuu ya jimbo, na huko anakuta mawakili wa kampuni wameshafika, wamevaa vizuri, wanasema mambo ya reli ni ya Washington. Ukienda Washington unaambiwa kokoto ni za jimbo.

Na Washington yenyewe tumeiona. Desemba 2022 vyama vinne kati ya 12 vya wafanyakazi wa reli vilikuwa vimeukataa mkataba wa kitaifa wa kazi, hoja kubwa ikiwa hatukuwa na siku za ugonjwa za kulipwa. Bunge likatulazimisha mkataba ule ule. Nyongeza ya siku saba za ugonjwa ilipita Baraza la Wawakilishi, ikafika Seneti ikapata kura 52 dhidi ya 43, ikaanguka kwa sababu zilitakiwa 60. Miezi miwili baadaye, tarehe 3 Februari 2023, treni ya kampuni ya Norfolk Southern ikaacha njia kwenye mji wa East Palestine, jimbo la Ohio. Mabehewa 38 chini, moto, kemikali. Chanzo kilikuwa beringi ya gurudumu iliyopata moto. Vipima joto vya kando ya reli viliona joto linapanda kutoka kimoja hadi kingine, ila hadi kengele inalia kwa nguvu ya kusimamisha treni, beringi ilikuwa imekwisha. Siku tatu baadaye wakachoma kwa makusudi matangi matano ya kloridi ya vinili, na mwaka 2024 wachunguzi wa serikali wakasema haikuwa lazima kuchoma.

Waheshimiwa wote walivaa kofia ngumu wakapigwa picha. Sherrod Brown wa Democratic na JD Vance wa Republican wakaandika muswada wa usalama wa reli, ukapita kamati ya Seneti Mei 2023, na hapo ukalala. Haukuwahi kupigiwa kura na Seneti nzima. Brown akashindwa uchaguzi wa 2024, Vance akawa makamu wa rais, muswada ule ukafa na bunge lile.

Kitu kimoja kilichopatikana ni kanuni ya watu wawili kwenye treni. FRA waliipendekeza 2016, wakaitupa 2019, wakaipitisha Aprili 2024. Angalieni hiyo safari halafu mniambie kama kuna mtu anaweza kulala usingizi akijua kinachotolewa kwa kalamu kinafutwa kwa kalamu. Kampuni zinasema mtu wa pili hana kazi siku hizi, kompyuta inatosha, akihitajika atafuata kwa gari. Pale East Palestine wahudumu wa treni ndio waliofunga breki za mkono kwenye mabehewa mawili ya mbele, wakaachanisha vichwa na kuviondoa karibu na moto. Kompyuta haina mikono ya kufunga breki. Na mimi usiku ule, kama dereva wangu asingekuwepo, ningekaa juu ya mawe nikiongea na redio hadi betri iishe. Kwenye treni za maili mbili, tatu, ukifika mkiani hata hiyo redio huwa inakwaruza tu.

Ninachoomba humu ni mambo mawili. Aliyewahi kupita kesi ambayo ripoti zake mwenyewe zilitumika dhidi yake anitafute, mwenyekiti wetu anataka kujua msuluhishi alisemaje. La pili, mkiripoti chochote kwenye tableti, pigeni picha kioo kwa simu yenu binafsi kabla hamjabonyeza kutuma. Ripoti yangu ya kwanza kwenye mfumo sasa hivi haina maelezo, ina neno imefungwa na tarehe. Bahati nzuri wao wenyewe wameiambatanisha yote kwenye barua ya mashtaka.

Na kabla sijasahau. Jana mwenzangu wa zamu amenitumia picha kutoka ile njia ya mwisho. Kokoto ziko pale pale. Wamechomeka kibao cha njano kinachosema ANGALIA UNAPOKANYAGA. Wamekichomeka kwenye zile zile kokoto, na kimeshaanza kuinama.

Uchunguzi ni Alhamisi saa tatu asubuhi. Nitaleta mrejesho.