Bendi nne za roki, jukwaa moja: vyombo tugawane vipi?

Mpangaji: Habari wakuu. Shoo iko Nairobi, bendi nne huru, saa mbili usiku hadi saa tano. Ukumbi una spika na maiki tu. Kila bendi ibebe vyombo vyake?

Mpiga ngoma: Hapana, shirikianeni. Seti moja ya ngoma, ampu (kikuza sauti) moja ya besi, mbili za gitaa. Kila mpiga ngoma aje na sneya (ngoma ndogo ya katikati), matoazi na pedali yake ya mguu, maana ndivyo vinavyopasuka. Muda ni dakika 180: bendi 30 kila moja, mabadiliko matatu ya 15, zinabaki 15 za kuchelewa. Na mtachelewa.

Fundi mitambo: Majaribio ya sauti yaende kinyumenyume. Anayefunga shoo aanze, anayefungua awe wa mwisho, vyombo vyake vibaki palepale. Bandikeni tepu sakafuni kwenye miguu ya ngoma, na mikseri ipigwe picha kila bendi ikimaliza majaribio, ili mipangilio yake irudishwe wakati wa shoo. Kinachokula muda hasa ni mpiga gitaa anayeunganisha pedali zake za kubadili sauti jukwaani watu wakimtazama. Aziunganishe nyuma ya jukwaa, kwenye ubao, gitaa likiwa limetuniwa tayari.

Ampu ya valvu (ya taa za kioo ndani) isiwashwe kamwe bila spika, transfoma yake inaweza kuungua. Spika mbili za omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiunganishwa sambamba ni omu 4, kwa hiyo someni kwanza nyuma ya ampu inakubali omu ngapi.

Mpangaji: Asanteni sana. Na hela za mlangoni?

Mpiga ngoma: Toeni ya fundi na ya kusafirisha ngoma, inayobaki mgawane sawa. Andikeni kabla tiketi hazijauzwa.